Ile stika ya bastola mlangoni Marekani, inamfunga nani hasa?

Mi kazi yangu ni kupeleka chakula kwa gari hapa Texas, kwa siku naingia milango ishirini, siku nyingine thelathini, migahawa, maduka ya dawa, supamaketi, na kitu ambacho ndugu zangu wakija kutembea kutoka nyumbani huwa lazima wasimame wakisome ni yale maandishi ya mlangoni. Mlango mmoja una kapicha kadogo tu ka bastola ndani ya duara jekundu, kamekatwa mstari. Mlango wa pili una bango zima la maandishi, Kiingereza juu na Kihispania chini, limejaa kioo mpaka huoni ndani kuna watu au hakuna. Mlango wa tatu hauna kitu kabisa. Wananiuliza, sasa hawa wamekataza bunduki au hawajakataza? Na jibu la kweli ni kwamba inategemea, inategemea jimbo, inategemea maneno yenyewe yameandikwaje, inategemea mpaka ukubwa wa herufi, ndo maana nimeona niliandike hili kwa kirefu maana hata watu waliokaa huku miaka kumi wanalichanganya.

Kinachochanganya wengi kwanza ni neno haki. Utasikia mtu anasema, si bunduki Marekani ni haki ya kikatiba, duka linaanzaje kumnyima mtu haki yake? Jamani, yale Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanaifunga serikali. Mwenye duka hayamgusi. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Heller ilisema mtu ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwake ya kujilinda, na 2022 kwenye kesi ya Bruen ikasema haki hiyo mtu anatoka nayo mpaka nje ya nyumba, lakini kesi zote mbili zilikuwa ni raia wanapambana na serikali. Mwenye mgahawa yeye ni mwenye kwake. Akisema hapa kwangu hamna kuingia na bastola, ni kama mwenye nyumba aliyekuambia vua viatu mlangoni, hutaki unarudi ulikotoka. Kuna mipaka, tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 mgahawa hauwezi kukufukuza kwa ajili ya rangi yako au dini yako au nchi uliyotoka, ila kuwa na bastola kiunoni hakumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo haki ya kukataza anayo, hapo hamna ubishi mkubwa. Ubishi unaanza kwenye swali la pili, ukiingia nayo hivohivo unakuwa umefanya kosa gani?

Hapo ndo kila jimbo lina lake. Majimbo mengine ile stika ni ombi tu lililovalishwa sura ya amri. Pennsylvania, Florida, ukiingia dukani na bastola yako halali kwenye mlango wenye stika, ile stika peke yake haikutii hatiani, kosa linakuja pale mwenye duka au mfanyakazi wake anapokuambia toka na wewe ukagoma kutoka, na kosa lenyewe linakuwa la kuvamia eneo la mtu. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi kweli, sheria imeandika mpaka maneno ya bango, kwamba duka fulani linapiga marufuku bunduki ndani ya eneo hili, herufi nyeusi za Arial zenye urefu wa inchi 1.5 kwenye karatasi yenye rangi ya kung'aa. Mtu akikuta bango hilo akaingia, akaambiwa atoke akakataa, mara ya kwanza faini haizidi dola 25. Dola 25! Faini ya kuegesha gari vibaya inaweza kuizidi hiyo.

Texas ni kitu kingine. Hapa lile bango la maandishi lina meno. Kifungu cha 30.06 cha sheria ya makosa ya jinai kinahusu mwenye leseni anayebeba bastola kwa kificho, na bango lake lazima liwe na maneno yaleyale ya sheria, lugha zote mbili, herufi zisizopungua inchi 1, rangi zinazoonekana, mahali pa wazi. Ukipita pembeni yake na bastola umeshatenda kosa, faini mpaka dola 200, na ukiambiwa kwa mdomo utoke ukabaki, kosa linapanda hadi lile la kufungwa mpaka mwaka mmoja. Namba yenyewe, 30.06, inafanana na jina la risasi maarufu ya kuwindia, kwa hiyo hakuna mwenye bastola hapa asiyeikumbuka. Afu kuna 30.07 kwa mwenye leseni anayebeba wazi kiunoni, hiyo ilikuja 1 Januari 2016 pale Texas ilipoanza kuruhusu bastola zinazoonekana. Na tangu 1 Septemba 2021 jimbo liliporuhusu watu wazima wengi kubeba bila leseni yoyote, kukaongezeka bango la 30.05 kwa ajili ya hao. Kwa hiyo mwenye duka anayetaka kuwafungia wote mlango lazima abandike matatu, ndo unakuta kioo kimegeuka ubao wa matangazo ya msiba. Na yule mwenzake aliyebandika kapicha tu ka duara jekundu, mwenye leseni anapita na bastola yake chini ya shati na hajavunja sheria hata moja mpaka aambiwe. Ukienda Illinois mambo yanageuka, kule kapicha ndo bango lenyewe la kisheria, inchi 4 kwa 6. Picha ileile, Texas haimzuii mwenye leseni, Illinois inamzuia.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hizi stika hazikuanguka kutoka mbinguni, zina historia na historia yake imepitia kwenye kahawa.

Mwaka 2012 Starbucks, ile kampuni ya migahawa ya kahawa, ilikuwa na msimamo wa kufuata sheria ya kila jimbo, yaani kama jimbo linaruhusu kubeba wazi, basi na ndani ya Starbucks ruksa. Wanaopinga bunduki wakatangaza kuisusia siku ya wapendanao, 14 Februari. Wenye bunduki wakajibu kwa kwenda kununua kahawa kwa wingi siku hiyohiyo, wengi wakilipa kwa noti ya dola 2, ile noti isiyoonekana sana mtaani, namba mbili ikimaanisha Marekebisho ya Pili. Hiyo ilikuwa namna ya kusema hela yetu ina jina, ihesabuni. Ikaendelea mpaka Agosti 2013, watu wakapanga siku nyingine ya kuishukuru Starbucks, na wengine wakapanga kwenda na bastola zao mpaka tawi la Newtown, Connecticut, mji uleule ambako Desemba 2012 waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 ndani ya shule ya msingi. Tawi lile likafunga mapema siku hiyo. Mwezi uliofuata bosi wa kampuni, Howard Schultz, akatoa barua ya wazi. Alisema anaomba kwa heshima wateja wasije na silaha, na akasisitiza kwamba ni ombi, marufuku hajaweka. Sababu aliyoitoa ndo mimi naiona kama ufunguo wa mambo yote haya, alisema marufuku ingewalazimu wafanyakazi wake kumkabili mteja mwenye silaha, na hilo hayuko tayari kuwabebesha.

Weka hiyo akilini.

2014 ikawa zamu ya Texas. Wakati huo, na hili wengi hawalijui, Texas ilikuwa hairuhusu kubeba bastola wazi lakini bunduki ndefu, raifo, ilikuwa ruksa kutembea nayo begani. Kwa hiyo wanaharakati waliotaka bastola zinazoonekana zihalalishwe wakawa wanaingia migahawani na bunduki ndefu kama njia ya kuandamana. Picha za vijana na raifo kifuani wakinunua chakula kwenye mgahawa wa Chipotle zikasambaa, na kikundi cha akina mama cha Moms Demand Action, alichokianzisha Shannon Watts baada ya mauaji ya Newtown, kikazisambaza zaidi. Chipotle ikaomba watu wasije na silaha, migahawa ya Chili's na Sonic ikafuata, Julai maduka makubwa ya Target nayo yakaomba. Hata NRA, chama kikubwa kabisa cha wenye bunduki, kiliandika kwamba kuingia mgahawani hivyo ni jambo la ajabu, siku chache baadaye wakairudisha kauli wakasema ni kosa la mfanyakazi mmoja. Ila maneno yalishatoka na wenye bastola wengi wa kimyakimya waliyakubali. Hawa ndo wale unaokaa nao foleni miaka kumi usijue ana bastola, na hasira yao ilikuwa kwa wenzao, sio kwa mgahawa, kwamba sisi tulikuwa tunaingia humu kila siku bila kelele, nyie mmekuja na maraifo yenu mmetufungia milango.

Ndo maana ukiangalia kampuni nyingi kubwa zilipokata shauri zilikata katikati. Whataburger, burga za Texas tangu 1950 pale Corpus Christi, ilitangaza 2015 kwamba kubeba wazi hapana, na rais wa kampuni alieleza kwamba yeye mwenyewe ni mwindaji na ana leseni ya bastola, ila familia na wafanyakazi hawana raha wakiona silaha kiunoni kwa mtu. Ya kuficha hawakuigusa. Walmart, yale maduka makubwa, vilevile. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu aliingia Walmart ya El Paso akaua watu 23, na siku tano baadaye kule Springfield, Missouri, kijana akaingia Walmart nyingine na raifo na fulana ya kuzuia risasi, akasema alitaka kuona kama haki yake itaheshimiwa. Watu walikimbia mbio. Mwezi Septemba Walmart ikaacha kuuza risasi za bastola na ikaomba wateja wasibebe wazi, supamaketi za Kroger nazo zikaomba siku hiyohiyo, maduka ya dawa ya Walgreens na CVS yakafuata. Mwenye kibali anayeficha Walmart haikumgusa. Neno lilikuwa lilelile, tunaomba.

Mi mwanzoni niliona ni uoga wa biashara. Siku hizi naona tofauti. Kitu kilichofichwa huwezi kukikataza bila kupekua, na maduka ya huku hayapekui. Nairobi baada ya shambulio la duka la Westgate, lililoanza 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, maduka makubwa yaliweka walinzi na vile vifaa vya kukupitishia mwilini, buti ya gari inafunguliwa, kioo kinapitishwa chini ya gari, na hata mwenye leseni ya bastola lazima akutane na binadamu mlangoni. Hapa hamna mlinzi, kuna karatasi kwenye kioo. Kila kitu kimeachwa kwenye uaminifu wa anayeingia.

Na anayeingia anafanya nini? Hapa ndo nataka tukae, maana watu wanadhani wenye bunduki wote wanajibu kwa kupiga kelele.

Kwanza uelewe kwa nini linawauma. Ukimuuliza mzee wa Texas atakutajia Killeen. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu alivunja kioo cha mbele cha mkahawa wa Luby's kwa gari, akashuka akaua watu 23. Ndani alikuwepo mama mmoja, Suzanna Hupp, anakula na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha kwenye gari kwa sababu sheria ya Texas wakati ule haikuruhusu kubeba kwa kificho, aliogopa kupoteza leseni yake ya kazi. Baba na mama yake wote waliuawa pale. Alienda kusimulia hilo mbele ya wabunge tena na tena, 1995 Gavana George W. Bush akasaini sheria ya leseni ya kubeba bastola kwa kificho, na mama huyo baadaye akawa mbunge wa jimbo. Kwa hiyo mtu wa hivi akisoma bango la 30.06 anasoma, iache bastola kwenye gari kama yule mama. Unaweza usikubaliane naye, mi mwenyewe nina mashaka kama bastola moja mezani ingebadilisha yote siku ile, ila usimwone mjinga. Anaogopa kitu kilichowahi kutokea kweli.

Wapo wanaoondoka. Hao ndo wenye msimamo, anasoma bango, anageuka, anaenda duka la pili, na wengine wanaacha kikadi kaunta kilichoandikwa kwamba hamtaki bunduki basi na hela hamtaki. Nimeshawahi kukiona hicho kikadi kimebandikwa jikoni kwenye mgahawa mmoja karibu na ratiba ya zamu, meneja amekihifadhi. Wanapeana pia orodha kwenye simu za maduka yenye mabango na yasiyo nayo, mtu akisafiri anaangalia kwanza kabla hajasimama kula. Kwa mgahawa mdogo wa mjini kwetu huku, wateja kumi wa kila Jumapili wakihama unaisikia kwenye mauzo.

Wapo wanaoingia nayo kimya. Msemo wao ni kwamba iliyofichwa imefichwa, nani ataiona. Kwenye majimbo ambayo bango halina nguvu ya sheria wanaona hawajavunja kitu, wakiambiwa watoke watatoka. Wa Texas wanaangalia kwanza kama bango limetimia, wanapima herufi kwa macho, Kihispania kipo? maneno ndo yale? wakikuta limekosewa wanapita. Nadhani hawa ni wengi kuliko wanaoandika vikadi, ila kwa asili ya jambo lenyewe hakuna wa kuwahesabu.

Na wapo wanaoiacha kwenye gari, na hapa ndo pananikera. Juzi nimeegesha nasubiri oda, mbele yangu pikapu nyeupe, baba wa makamo anashuka, anafika mlangoni, anasoma, anarudi. Akafungua mlango wa dereva akainama, akachomoa bastola na ala yake kutoka kiunoni, akaifungia kwenye kikasha cha chuma kilichofungwa waya chini ya siti, akavuta waya mara mbili kuhakikisha, akafunga gari, akaingia kununua supu. Huyo kafanya vizuri. Wengi hawana kikasha. Anaitupa kwenye droo ya mbele na kuondoka, na wezi wa magari wanajua, wanakaa wanaangalia pakingi ya mahali penye bango kwa sababu wanajua humo ndani ya magari kuna kitu. Nashville, Tennessee, polisi wamekuwa wakitoa kila wiki hesabu ya bunduki zilizoibwa kwenye magari, yaani tatizo lina ratiba. Bunduki iliyokuwa ya mtu mwenye kibali, aliyekaguliwa, inaishia mkononi mwa kijana wa miaka 16 kwa sababu ilishinda kwenye droo ya gari saa mbili. Kama duka linabandika bango basi lifikirie na pakingi yake, taa, kamera, mtu wa kuzunguka.

Pakingi yenyewe ina vita yake. 2002 kiwanda cha Weyerhaeuser pale Valliant, Oklahoma, kilileta mbwa wakanusa magari ya wafanyakazi, waliokutwa na bunduki ndani ya magari wakafukuzwa kazi. Jimbo likatunga sheria 2004 kwamba mwajiri hawezi kukataza bunduki iliyofungiwa kwenye gari. Kampuni zikaenda mahakamani, ConocoPhillips ikiwemo, NRA 2005 ikawaambia wanachama wasijaze mafuta kwenye vituo vyake, na 2009 mahakama ya rufaa ikaiacha sheria isimame. Majimbo mengi yamefuata njia hiyo. Nyingine zinamvuta mwenye duka kwa njia ya kesi, Wisconsin tangu 2011 na Tennessee tangu 2016 zinasema aliyeruhusu bunduki hawezi kushtakiwa kwa madhara kwa sababu tu aliruhusu. Aliyekataza hana kinga hiyo. Hajaambiwa aruhusu, ila wakili wake atamwambia afikirie mara mbili.

Upande wa pili wakageuza meza. New York 2022, baada tu ya Bruen, ikasema kila eneo la mtu binafsi ni marufuku mpaka mwenyewe abandike kwamba karibuni na silaha zenu. Hawaii ikafanya hivyo 2023. Wapinzani wanaiita sheria ya vampaya, lile zimwi la hadithi zao lisiloweza kuingia ndani mpaka likaribishwe. Mahakama ya rufaa iliyoshika kesi ya New York iliikataa kwa maeneo yaliyo wazi kwa umma, iliyoshika ya Hawaii ikaikubali, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza ya Hawaii. Inaonekana ni mchezo wa maneno lakini sivyo, maana wenye maduka wengi hawabandiki chochote, hawataki kumuudhi yeyote, kwa hiyo anayeamua ukimya maana yake nini ndo kaamua kila kitu.

Kwa wenzangu mnaosoma hii mkiwa huku, neno moja la kisheria. Mwenye viza ya mwanafunzi au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya kuwinda. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, ila makosa ya silaha ni miongoni mwa yanayoweza kukufukuzisha nchi. Mzawa akibishana na bango anacheza na dola 200. Wewe usibishane na bango, hata kama herufi zake hazijatimia inchi.

Kuna dada mmoja wa Bukavu, yuko kaunta kwenye mgahawa ninaochukulia oda, mwezi uliopita walibandika mabango yote matatu. Siku ya kwanza akaniita pembeni. "Yaya, wamesema nikiona mtu ana bastola nimwambie atoke. Mimi nitamwambiaje?" Nikamwambia asimwambie kitu, aite meneja. Akasema meneja anaondoka saa mbili usiku, baada ya hapo yuko yeye na mpishi. Nilipopita tena wiki hii nilikuta ameandika namba ya polisi wa mtaa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya risiti, ameibandika pembeni ya mashine ya hela, upande wake.